Zana za kupokea na kuonyesha michango ya wasikilizaji: ipi inafaa chumba cha habari cha Unguja na Pemba?

Mvua za masika zinaposhika, hakuna mhariri wa Zanzibar anayelalamika kukosa taarifa kutoka kwa wasikilizaji wake. Simu ya kituo hujaa picha za barabara ya Mwanakwerekwe iliyofunikwa na maji, ujumbe wa sauti kutoka Jang'ombe na Sebleni, na video ambazo haijulikani kama zimepigwa mwaka huu au miaka kadhaa iliyopita. Kinachokosekana ni mahali pa kuziweka taarifa hizo mpaka zihakikiwe, na njia ya kuzionyesha kwa umma bila ya kumdhuru aliyezileta. Kwa hiyo, katika tathmini hii zana sikuzipima kwa wingi wa mambo zinayoweza kufanya. Nimezipima kwa swali moja ambalo naamini ndilo lenye uzito mkubwa katika kazi yetu: mchango wa msikilizaji unakaa wapi baada ya kupokelewa na kabla ya kuonyeshwa, nani anauona katika muda huo, na ni alama gani inayomwambia mhariri wa zamu ya jioni kwamba mwenzake wa asubuhi amekwisha kuuhakiki au bado.

Zana nilizozichagua ni WhatsApp, Google Forms, KoboToolbox, Ushahidi na uMap, ambazo chumba cha habari kidogo, kama vile cha redio jamii ya Micheweni, Tumbatu au Makunduchi, kinaweza kuanza nazo bila ya kununua leseni. Nyengine mbili, Storify na Hearken, nimezigusia kwa sababu historia yake ina jambo la kutufaa hata kama hatutazitumia.

WhatsApp ndiyo ya kuanza nayo, kwa kuwa wasikilizaji wenyewe wamekwisha kuichagua. Hakuna haja ya kumfundisha mtu, hata bando dogo linatosha, na zaidi ya yote inapokea sauti. Hili la sauti nalitilia mkazo, kwani zana nyingi za uandishi wa habari shirikishi zimebuniwa kwa ajili ya mtu anayependa kuandika, ilhali hadhira yetu kubwa ni ya redio. Chukulia ujumbe wa aina hii, ambao mtangazaji yeyote wa Pemba huupokea kwa namna moja au nyengine: "Assalaam aleikum mwanangu, hapa petu maji ya mfereji hayatoki tangu juzi, twateka kisimani kwa jirani, na kisima chenyewe maji yake yashaingia chumvi." Katika maneno hayo machache mna habari mbili. Ya kwanza ni ya mfereji usiotoa maji, na ya pili, ambayo pengine ndiyo kubwa zaidi, ni ya kisima kilichoingia chumvi. Hata hivyo hamna jina la shehia, yaani eneo dogo la utawala linaloongozwa na sheha, hamna tarehe, na "juzi" ya aliyesema Ijumaa si juzi ya mhariri atakayesikiliza Jumatatu. Fomu ingepata jina la shehia na tarehe, lakini kisima kisingetajwa kabisa, maana hakuna aliyefikiria kuuliza habari zake. Kwa sababu hiyo sikubaliani na ushauri, unaotolewa mara kwa mara katika mafunzo ya wanahabari, kwamba michango yote ihamishiwe kwenye fomu.

Kasoro za WhatsApp zinaanza pale ujumbe unapokwisha kuingia. Ukiunda kundi la wasikilizaji, ambalo sasa linaweza kuwa na watu hadi 1,024, kila mwanachama anaiona namba ya simu ya mwenzake. Mwanamke aliyejiunga ili aeleze habari za mimba za utotoni katika kijiji chake amekwisha kujulikana kabla hajasema neno. Orodha ya matangazo inaficha namba, lakini mwisho wake ni watu 256, na ujumbe unamfikia yule tu aliyeihifadhi namba ya kituo katika simu yake. Chaneli, zilizoanza 2023, zinaficha namba za wanaozifuata na zinafaa sana kwa kutoa taarifa, ila zimejengwa kwa mwelekeo mmoja: kituo kinasema, msikilizaji anaweka alama ya hisia au anapiga kura, na mazungumzo yanaishia hapo.

Kwa upande wa uhakiki, WhatsApp inasaidia kidogo na inaharibu kidogo. Inasaidia kwa alama ya mishale inayoonyesha kwamba ujumbe umetumwa kutoka kwengine, na mishale miwili inapotokea mhariri hujua kwamba video hiyo imepita katika mikono mingi na kwamba anayeituma huenda hakuwepo ilipopigwa. Inaharibu kwa kuwa picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hubanwa na kupoteza taarifa zake za ndani, zikiwemo saa ya kupigwa na mahali. Dawa yake ni rahisi na inastahili kutangazwa hewani: msikilizaji aombwe aitume picha kama faili la waraka, na hapo picha itafika kama ilivyo. Zaidi ya hayo, toleo la biashara la WhatsApp, lililotoka 2018 na ambalo linapakuliwa bure, lina lebo za rangi ambazo kituo kinaweza kuzipa majina kama "mpya", "anapigiwa", "imehakikiwa" na "imekataliwa". Lebo hizo huwekwa kwenye mazungumzo na pia kwenye ujumbe mmoja mmoja, na kwa kituo kinachopokea ujumbe kiasi kwa siku zinatosha kabisa. Michango inapoongezeka hazitoshi tena, kwa sababu huwezi kuuliza swali kama "ni shehia ngapi zimeripoti maji ya chumvi mwezi huu" ukapata jibu bila ya kurudi kusikiliza kila kitu upya. WhatsApp ni mlango mzuri wa kuingizia michango, na ni ghala baya la kuihifadhi.

Naomba nisimame kidogo kwenye jambo la sauti, maana wabunifu wa zana hizi hawalifikirii kwa jinsi sisi tunavyoishi nalo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 katika Zanzibar nzima, na shehia zetu ni zaidi ya 380, kwa hiyo wastani wa shehia moja haufiki watu elfu tano, na za mashamba zina watu wachache zaidi ya hapo. Katika jamii ya ukubwa huo, kumficha mtu jina huku sauti yake ikirushwa hewani ni kutomficha kabisa, kwani sheha ataitambua, mwenye duka ataitambua, na anayelalamikiwa ataitambua kabla ya wote. Hali kadhalika, picha ya ukurasa wa mazungumzo inayoonyeshwa kwenye televisheni au kuwekwa mtandaoni, hata ikifutwa namba, mara nyingi hubaki na picha ndogo ya mtumaji, na hiyo inatosha. Katika zana zote nilizoziangalia hakuna hata moja inayomkumbusha mhariri jambo hili. Njia iliyo salama ni maneno ya mtoa taarifa kusomwa na mtangazaji, na sauti yake mwenyewe kurushwa pale tu ambapo ameulizwa waziwazi na akakubali, akijua kipindi kinarushwa lini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeipa ridhaa ya mwenye taarifa nafasi kubwa, lakini hata pasingekuwa na sheria, mtu anayeishi umbali wa hatua chache kutoka kwa anayemlalamikia anastahili kuulizwa.

Google Forms haihitaji maelezo marefu. Ni ya bure, inaandikika kwa Kiswahili bila ya taabu, majibu yanaingia moja kwa moja kwenye jedwali, na mhariri anaweza kuongeza safu yake mwenyewe ya "imehakikiwa na nani". Kasoro mbili zinaipunguzia thamani kwetu. Haifanyi kazi bila ya mtandao, na ukitaka msikilizaji apakie picha au sauti, ni lazima awe ameingia kwenye akaunti yake ya Google, sharti linalowaacha nje watu wengi ambao simu zao zilifunguliwa na mtoto au fundi na hawalikumbuki neno la siri. Kwa maswali mafupi yaliyoelekezwa kwa watu wa ofisini, kwa mfano walimu wa skuli kuhusu idadi ya wanafunzi kwa darasa moja, inafaa sana. Kwa mvuvi wa Kojani haifai.

KoboToolbox ni zana ambayo waandishi wetu wengi hawaijui, ingawa watafiti na wafanyakazi wa mashirika ya misaada wanaitumia kila siku, na nadhani ni hasara kwetu. Ilianzishwa na kituo cha masuala ya kibinadamu cha Chuo Kikuu cha Harvard, na huduma yake ya umma ni bure kwa mashirika yasiyo ya kibiashara mpaka kiwango fulani cha taarifa kwa mwezi. Fomu inatengenezwa kwenye kompyuta, kisha mwandishi anaipakua katika programu ya simu ya Android na kwenda nayo shamba. Akifika Kisiwa Panza au Tumbatu na mtandao ukawa haupo, anajaza, anarekodi sauti, anapiga picha na kuchukua alama ya mahali, na kila kitu kinabaki ndani ya simu mpaka atakaporudi penye mtandao. Swali la ridhaa unaweza kuliweka la mwanzo kabisa na kuifanya fomu isiendelee kama jibu ni hapana.

Jambo lililonifanya niipe alama za juu, hata hivyo, liko kwenye jedwali lake la majibu. Kila mchango una nafasi ya hali ya uhakiki, na mhariri anachagua kama umeidhinishwa, umekataliwa au unasubiri. Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta tangu mwanzo. Mchango wa mama wa kisima cha chumvi unaweza kuandikwa humo na mtangazaji aliyeupokea kwa WhatsApp, ukawekwa kwenye kusubiri, mwandishi akampigia simu kumuuliza shehia na siku, akawauliza pia majirani au watu wa Mamlaka ya Maji Zanzibar (ZAWA), kisha hali ikabadilishwa. Mwezi ukiisha, swali la shehia ngapi limepata jibu kwa dakika chache. Udhaifu wa Kobo ni kwamba haikujengwa kwa ajili ya kuonyesha. Ramani na chati zake ni za mtu wa ndani, na kuzipeleka kwa umma kama zilivyo ni kuhatarisha alama za mahali za nyumba za watu. Aidha, kuunda fomu nzuri kunahitaji mtu mwenye subira atakayejifunza jinsi swali moja linavyofungua au kulifunga jengine.

Ushahidi ndiyo zana iliyobeba jina kubwa kuliko zote katika fani hii, na inastahili. Ilizaliwa Kenya Januari 2008, katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, pale Ory Okolloh alipotoa wazo la kuweka ripoti za wananchi juu ya ramani, na Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia wakashiriki kulijenga. Miaka miwili baadaye, tetemeko la ardhi la Haiti la tarehe 12 Januari 2010 liliipeleka dunia nzima: wananchi walituma ujumbe mfupi kwa namba 4636, na kwa kuwa ujumbe ulikuwa kwa Kikrioli, Wahaiti walioko ughaibuni walijitolea kuutafsiri na kutambua mitaa iliyotajwa ili uweze kuwekwa kwenye ramani. Nataja habari ya Haiti kwa makusudi, kwani mara nyingi husimuliwa kama ushindi wa programu, na sehemu ngumu ya kazi ile ilifanywa na watu wanaoijua lugha na wanaojua mtaa fulani uko wapi. Kwetu ni vivyo hivyo. Programu za kugeuza sauti kuwa maandishi zinakijua Kiswahili cha taarifa ya habari kwa kiasi, ila mzee wa Makunduchi au wa Micheweni akizungumza kwa lahaja yake, matokeo yake hayafai kuhaririwa, sembuse kuchapishwa.

Katika utendaji wake, Ushahidi inapokea michango kupitia fomu ya mtandaoni, barua pepe na ujumbe mfupi wa simu, na hili la ujumbe mfupi ni muhimu sana kwetu kwa sababu linamfikia mwenye simu ndogo, yaani kiswaswadu, ambaye zana nyengine zote zimemsahau. Kila ripoti inayoingia inaweza kuzuiwa isionekane mpaka ipitiwe, na hatua za uhakiki zinaweza kuwekwa kama kazi ambazo lazima zikamilike kabla ripoti haijachapishwa. Yapo pia mamlaka tofauti kwa watumiaji tofauti, ili anayeingiza ripoti asiwe lazima ndiye anayezichapisha. Kilichonifurahisha zaidi ni mipangilio mitatu ndani ya fomu ambayo mtu anaweza kuipita bila ya kuiona: kuficha jina la mtoa taarifa, kuficha mahali halisi na kuficha wakati halisi. Ukiwasha ule wa mahali, umma unaona eneo la jumla, na mhariri anabaki na alama kamili kwa ajili ya kazi yake. Ningependa mipangilio hiyo iwe imewashwa tangu mwanzo na anayetaka kuizima ndiye atafute pa kuizimia.

Ugumu wake nao ni wa kweli. Ujumbe mfupi unaingia bila ya mahali na bila ya aina ya tukio, kwa hiyo lazima pawepo mtu wa kuusoma, kuupanga na kuuwekea alama kwenye ramani, na kazi hiyo haina mwisho wakati wa dhoruba au uchaguzi. Kupata namba fupi ni safari ya kupitia TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, na kampuni za simu, ambayo ina gharama zake. Msimbo wake ni huria na unaweza kuuweka kwenye seva yako mwenyewe, lakini anayeuweka ni fundi, na fundi akiondoka kituo kinabaki na chombo ambacho hakuna anayejua kukitengeneza.

Liko pia tatizo ambalo si la Ushahidi peke yake, ni la kila ramani ya michango. Kati ya watu 1,889,773 waliohesabiwa 2022, watu 893,169 walikuwa Mkoa wa Mjini Magharibi, yaani karibu nusu, na huko ndiko kwenye simu janja nyingi na mtandao mzuri zaidi. Ramani ya matatizo ya maji iliyojengwa kwa michango ya hiari itajaa nukta Mjini na kuwa nyeupe Micheweni, na mtazamaji atadhani Micheweni maji yanatoka. Programu haiwezi kulirekebisha hilo. Mhariri anaweza: kwa kuandika idadi ya michango kwa kila wilaya pembeni ya ramani, kwa kupaka rangi tofauti shehia ambazo hakuna taarifa yoyote iliyofika, na kwa kumtuma mwandishi na fomu ya Kobo huko kuliko kimya. Chumba cha habari ambacho hakina mtu wa kumtuma ni bora kisichapishe ramani kabisa, kisome michango hewani kama ilivyo na kuitaja shehia.

Kwa kituo kinachohitaji ramani tu, bila ya mtambo mzima wa Ushahidi, uMap inatosha na mimi naipendelea. Imejengwa juu ya ramani huria ya OpenStreetMap, haina malipo, inapokea jedwali lenye majina na alama za mahali, na ramani iliyokamilika inapachikwa kwenye tovuti ya kituo au kutumwa kama kiungo. Tabaka zinaweza kuwashwa na kuzimwa, kwa hiyo msomaji anaweza kuangalia visima peke yake au barabara peke yake. Katika visiwa vyetu ramani ya chini yake ina undani wa kuridhisha, jambo ambalo limesaidiwa na mradi ulioanza 2016 chini ya Kamisheni ya Ardhi, ukawashirikisha vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, wa kuvipiga picha visiwa kwa ndege zisizo na rubani. Kuwepo kwa undani huo ndiko kunakonifanya nisisitize tahadhari: ukiweka nukta juu ya nyumba, nyumba inaonekana. Nukta iwekwe katikati ya shehia, na maelezo yaseme hivyo. Kasoro ya uMap ni kwamba picha na sauti hazihifadhiwi humo, unaziweka pahala pengine na kuunganisha kwa kiungo, na kama huko zikifutwa, ramani yako itabaki na matundu.

Habari ya kufutwa inanileta kwa Storify. Chombo hiki, kilichofunguliwa kwa umma 2011, kilimruhusu mwandishi kukusanya ujumbe wa watu kutoka mitandao ya kijamii na kuupanga kama simulizi moja, na vyombo vikubwa vya habari duniani vilikitumia kwa matukio mazito. Tarehe 16 Mei 2018 kilifungwa. Waliotumia walipewa muda wa kuhamisha kazi zao, na ambao hawakuhamisha walizipoteza. Tangu hapo nimekuwa nikiiuliza kila zana swali la pili: je, naweza kuitoa michango yote leo hii, kwa jedwali la kawaida na mafaili ya kawaida, nikaondoka nayo? Google Forms, Kobo na Ushahidi zinaruhusu bila ya tatizo. WhatsApp inaruhusu kwa mazungumzo moja moja, na faili linalotoka ni la maandishi tu na viambatanisho, halipangiki kirahisi. Kituo kinachojali kumbukumbu yake kitoe nakala kila mwisho wa mwezi na kuiweka kwenye diski mbili zilizo majengo tofauti.

Hearken ni huduma ya kulipia iliyoanzishwa na Jennifer Brandel, ikitokana na kipindi cha redio ya WBEZ ya Chicago kilichoanza 2012. Siipendekezi kwa bajeti zetu, lakini utaratibu wake unaweza kuigwa bure: wasikilizaji wanatuma maswali, kituo kinachagua machache, wasikilizaji wanayapigia kura, na swali lililoshinda mwandishi anakwenda kulitafutia jibu, ikiwezekana pamoja na aliyeuliza. Kwa redio ya Zanzibar, kura inaweza kupigwa kwenye chaneli ya WhatsApp na jibu likarushwa kwenye kipindi cha asubuhi. Uzuri wake ni kwamba msikilizaji anashiriki kabla habari haijaandikwa, wakati bado inawezekana kuibadilisha, na kwamba swali halimfichui mtu kama malalamiko yanavyomfichua.

Kwa redio jamii moja yenye watangazaji wachache, pendekezo langu ni WhatsApp ya biashara kwenye simu ya kituo yenyewe, si ya mtangazaji, KoboToolbox kama daftari la michango na uhakiki, na uMap kwa kile kinachostahili kuonekana. Mpangilio huo unahitaji simu moja ya Android, kompyuta moja, bando la mwezi, na mtu mmoja aliyetengewa saa mbili kila siku kwa kazi hiyo tu. Sharti hili la mwisho ndilo ambalo vituo hulikwepa, na bila ya hilo zana zote zilizotajwa hapa hazitakuwa na faida. Ushahidi naipendekeza pale ambapo vituo kadhaa vya Unguja na Pemba vitakubaliana kufanya kazi pamoja kwa jambo kubwa lenye mwanzo na mwisho, kama msimu mmoja wa masika au uchaguzi, na kugawana zamu za usiku, fundi na gharama ya namba fupi. Maandalizi yaanze miezi kadhaa kabla: aina za matukio ziandikwe kwa maneno ambayo wasikilizaji wenyewe wanayatumia, masheha waelezwe kinachokusanywa na kisichokusanywa, na ujumbe wa majaribio utumwe kutoka kila wilaya, kwa kuanzia zile ambazo mtandao wake ni hafifu zaidi.